Mji mmoja, herufi mbili

Kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika eneo la machimbo ya Namoya, kilomita zipatazo 225 kusini magharibi mwa Bukavu, kuna mji ambao jina lake lina sura mbili. Kwenye taarifa za dhahabu na za usalama ni Salamabila. Kwenye orodha ya zoni za afya za Kongo ni Saramabila. Mwenyeji wa pale hashangai. Masikio yake yamezoea l na r kupishana mdomoni, na ukiutaja mji wake hivi au vile anajua unasema wapi.

Kompyuta haijui. Njia moja kongwe ya kutafuta majina yanayofanana kwa mlio inaitwa Soundex, na Mmarekani Robert Russell alipata hataza yake mwaka 1918. Hushika herufi ya kwanza ya jina, huacha irabu, kisha konsonanti zinazofuata huzigeuza kuwa tarakimu. Kwa Soundex, l ni 4 na r ni 6. Basi Salamabila hutoka S451, na Saramabila hutoka S651. Kwa mashine hiyo majina haya hayana undugu wowote.

Sasa weka jina la mgonjwa mahali pa jina la mji. Mama aliyetibiwa mwezi uliopita anarudi kituoni, karani analiandika jina lake kwa herufi ile nyingine, faili halionekani, na anafunguliwa jipya. Dawa alizopewa, na ile inayomdhuru, zimebaki kwenye faili la kwanza.

Nani atalirekebisha jambo kama hili? Mtaalamu wa programu aliye Marekani anaweza, akiambiwa. Lakini anayelijua bila kuambiwa ni mtu aliyekulia Kasongo au Kabambare, huko huko Maniema, na ndiyo sababu mwongozo wa kuchangia mabadiliko kwenye programu huria unawahusu watu wa kule kuliko wengi wanavyodhani. Programu huria ni ile ambayo maandishi yanayoiendesha, yaani msimbo wake, yako wazi: unaruhusiwa kuyasoma, kuyanakili na kuyabadili. Ila ruhusa ya kubadili nakala yako si ruhusa ya kubadili ile inayotumiwa na mahospitali. Kati ya ruhusa hizo mbili kuna taratibu, na taratibu hizo zimeandikwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, magharibi mwa Kenya, ambako wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakihudumiwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi walikuwa wakiongezeka haraka. Kumbukumbu zilikuwa kwenye mfumo uliozaliwa katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001. Ulikitosha kituo kimoja, lakini sasa ulikuwa unaelemewa. Hawakuutia viraka, walitunga mwingine. Februari 2006 ukaanza kazi Eldoret, na mwaka huohuo ukavuka mpaka Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kwa wenzao wa Partners In Health. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 40. Kenya ina KenyaEMR, Uganda ina UgandaEMR, na zote mbili zimejengwa juu ya msingi huo mmoja.

Kwa kuwa mfumo huu ulikulia Afrika Mashariki, una mambo ambayo programu za nchi zenye vyeti vya kuzaliwa kwa kila mtoto huyasahau. Kando ya tarehe ya kuzaliwa kuna nafasi ya kujibu ndiyo au hapana: je, tarehe hii imekisiwa? Mama wa Kabambare anayesema mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga, mwaka ule watu walipokimbia, hamlazimishi muuguzi kuandika uongo.

Kasongo yenyewe si mgeni katika kazi ya kumbukumbu. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilishirikiana na wenyeji kupanga huduma za afya za msingi hapo, kazi iliyojulikana ulimwenguni kama Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapa utafiti wao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35. Utafiti wa namna hiyo hauwezekani bila kujua kila mtoto ni nani, alichanjwa au hakuchanjwa, na yu hai au la. Na makala haikutiwa saini ya daktari mmoja. Ilitoka kwa jina la timu ya mradi. Miaka zaidi ya 20 kabla ya OpenMRS, mji wa Maniema ulikuwa tayari umeonyesha kazi ya wengi inayosimama kwa sababu kila mmoja ameandika kwa utaratibu uleule.

Basi tuseme kijana wa Salamabila, aliyesomea kompyuta Kindu au Bukavu, anataka Salamabila na Saramabila zitambuane. OpenMRS inayo moduli ya kutafuta majina kwa mlio, na Soundex ni mojawapo ya njia zake. Aanzie wapi?

Kwanza haandiki msimbo. Anatafuta kama tatizo lake limeshaandikwa na mwingine. Likiwa halipo, anafungua tiketi, yaani ukurasa wa tatizo wenye namba yake, na kueleza: nilitafuta hivi, nilitarajia hili, likatokea lile. Hapo anasubiri. Tiketi mpya husomwa na wenyeji wa mradi kabla ya kupewa alama kwamba iko tayari kufanyiwa kazi, na wengi wanaoanza huchoshwa na kusubiri huko. Lakini kusubiri kuna faida yake. Msomaji mmoja anaweza kuuliza: na huko Haiti, ambako programu hii inatumika pia, l na r zikichanganywa si watapata majina ya watu tofauti kabisa? Swali hilo linabadili kazi yote. Kijana alitaka kuibadili Soundex kwa kila mtu. Sasa anaelewa kwamba inampasa kuongeza njia nyingine pembeni, ambayo kila hospitali itaamua kuiwasha au kuiacha. Angeandika msimbo kwanza, wiki mbili zingekuwa zimekwenda na maji.

Tiketi ikiwa tayari, anaichukua kwa jina lake ili mwingine asirudie kazi ileile. Akiona hawezi, anairudisha. Kuikalia kimya ni kosa, kwa sababu kunamfungia mlango mwenzake.

Kisha anajitengenezea nakala yake ya mradi na kufungua tawi, yaani njia ya kazi iliyo kando ya ile kuu. Katika msingi wa OpenMRS, kwa mfano, namba za tiketi huanza na neno TRUNK, yaani shina la mti, na tawi hupewa jina la tiketi yake. Jambo moja, tiketi moja, tawi moja. Mkaguzi, yaani anayesoma msimbo kabla haujapokelewa, akiliona jina la tawi anajua sababu ya kila mstari uliomo.

Amri inayowaponza wengi hapa ni ndogo sana: usiguse mistari isiyokuhusu. Kijana akifungua faili la msimbo na kuona nafasi zimepangwa vibaya, mkono unamwasha kuzisafisha. Asizisafishe. Mabadiliko yake ya kweli ni mistari kumi na miwili. Akisafisha faili zima, mkaguzi ataona mistari mia nne imebadilika na itambidi aitafute ile kumi na miwili kama anayechekecha mchanga wa Namoya. Kosa la kweli likijificha humo, litapita. Atakayeumia hayupo kwenye mazungumzo haya; yuko kitandani, kwenye wodi fulani, akisubiri kipimo chake kisomwe sawasawa.

Baada ya msimbo yanakuja majaribio. Jaribio ni kipande kingine cha msimbo kinachouliza swali na kudai jibu: nikitafuta Salamabila, je, Saramabila inatokea? Nikiizima njia mpya, je, utafutaji wa zamani unafanya kazi kama jana? Swali la pili ndilo zito, kwa kuwa linawalinda watu ambao hawakuomba mabadiliko. Majina ya majaribio yawe ya kubuni. Jina la jirani na ugonjwa wake havina ruhusa ya kuingia humo, maana msimbo uko wazi kwa dunia nzima.

Na kuna sheria za nyumba ambazo mgeni hazioni mpaka aonyeshwe. Katika OpenMRS taarifa ya mgonjwa iliyokosewa, katika kazi za kila siku, haifutwi. Hutiwa alama kwamba imebatilishwa, pamoja na jina la aliyebatilisha, tarehe na sababu. Ndivyo anavyofundishwa muuguzi mwenye rejista ya karatasi: piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, tia saini. Mchangiaji anayeleta msimbo wa kufuta atarudishwa, na anastahili kurudishwa.

Mwisho ni ombi la kuunganisha, yaani kuomba mabadiliko yaingizwe kwenye mradi. Fomu yake kwenye msingi wa OpenMRS inamtaka mchangiaji athibitishe mambo machache: kwamba mabadiliko yamekunjwa kuwa fungu moja, kwamba majaribio mapya na ya zamani yamepita, kwamba amejenga programu nzima kwenye mashine yake kabla ya kutuma, kwamba amefuata toleo la karibuni la shina. Kichwa cha ombi kinaanza na namba ya tiketi. Mkaguzi, ambaye huenda yuko Uganda au Marekani, anasoma mstari kwa mstari. Anaweza kuuliza, anaweza kukataa, anaweza kuomba jina la kigezo libadilishwe. Ombi kurudishwa mara mbili au tatu ni jambo la kawaida, hata kwa waliokaa miaka mradini. Anayelichukulia kama tusi hujinyima shule ya bure.

Vipi kuhusu mtandao na umeme? Swali hili linastahili jibu la kweli, kwa sababu mtu wa Salamabila hana starehe ya mtu wa Nairobi. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo kilichotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia nzima ya mradi ndani ya kompyuta ya mchangiaji. Kufungua tawi, kuandika, kulinganisha na jana, kufunga fungu, vyote hufanyika bila mtandao. Mzigo mkubwa ni wa siku ya kwanza, unaposhusha mradi na maktaba zake zote. Huo ushushwe mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha unakiliwe kwa wenzako kwa fleshi. Baada ya hapo kutuma mistari kumi na miwili hakuzidi uzito wa ujumbe wa simu wenye picha. Kompyuta mpakato moja na paneli ya jua vinatosha watu watatu wakipeana zamu.

Kikwazo kigumu zaidi ni lugha. Miongozo imeandikwa kwa Kiingereza, na shule za sekondari za Maniema hufundisha kwa Kifaransa. Hapa pia upo utaratibu, nao humkwaza mgeni: maneno ya Kifaransa na ya lugha nyingine yanayoonekana kwenye skrini za OpenMRS hayarekebishwi ndani ya msimbo, bali hupitia Transifex, jukwaa la watafsiri. Anayeleta tafsiri kwa njia ya msimbo ataelekezwa huko. Lakini maelezo yenyewe ya namna ya kuchangia yanahitaji watu wa kuyaandika upya kwa lugha za watumiaji. Kiswahili cha Kongo kina alama yake rasmi, swc, katika orodha ya kimataifa ya lugha ya ISO 639-3. Alama ipo. Matini yanayoitumia ni machache mno.

Salamabila imejulikana nje kwa mambo ya shimoni. Kampuni ya Kanada ya Banro ilifungua mgodi wa Namoya na kusimamisha kazi mwaka 2019, huku ugomvi juu ya vilima kama Mwendamboko na Namoya Summit ukiwa umewaachia wachimbaji wadogo makovu. Mahali pengi pa kazi mgeni huhitaji mtu wa kumdhamini ndipo apate nafasi. Kwenye mradi kama OpenMRS hakuna anayeuliza mdhamini wako ni nani. Huulizwa tiketi yako ni ipi, na majaribio yako yamepita au hayakupita. Usawa huo una thamani kubwa kwa kijana asiye na mjomba ofisini, na unadumu kwa sababu tu masharti yameandikwa na kila mtu anasomewa yaleyale.

Walimu wa kompyuta wa Kindu na Kasongo hawahitaji bajeti ili kuanza. Wachague tiketi moja kati ya zile zilizotengwa kwa wanaoanza, waiweke mbele ya darasa, na wanafunzi waifuate kutoka swali la kwanza hadi jibu la mkaguzi. Na atakayeona kwamba mwongozo umemshinda kwa sababu ya Kiingereza, aandike kwa Kiswahili cha kwao pale alipokwama. Kurasa hizo mbili tatu zitakuwa mchango wake wa kwanza.