Habari za Kasa na Potwe katika Kisiwa cha Mafia

Kisiwa cha Mafia chaelekeana na midomo ya mto Rufiji. Maji ya mto huchukua udongo wenye rutuba hata baharini, na kwa sababu hiyo bahari ya huko ina samaki wengi. Lakini hata mtungi uliojaa hupungua ukichotwa bila kipimo. Wanyama wawili wa bahari hiyo, kasa na potwe, wanatufundisha jambo hilo, nao wanatufundisha pia kutokata tamaa.

Watu wa pwani humtofautisha kasa, aliyetafutwa kwa nyama yake, na ng'amba, aliyetafutwa hasa kwa magamba yake yaliyofanyizwa vitana na mapambo. Wavuvi wa zamani walikuwa na werevu mwingi: walimfunga samaki aitwaye chazo kwa uzi mkiani, wakamwachilia majini. Chazo alipomwona kasa alimng'ang'ania, nao wakavuta polepole mpaka wakampata. Tena mayai ya kasa yalichimbwa mchangani yakaliwa. Basi walimjua sana kasa, lakini kumjua si kumhifadhi.

Mwaka 2001 ilianzishwa Mafia kazi ya kulinda kasa, ambayo huendeshwa na shirika la Sea Sense. Mwanakijiji akiona kiota hachimbi, bali hutoa habari, naye hupewa fedha kidogo; watoto wakitoka salama huongezewa. Katika kisiwa cha Juani, upande wa mashariki, macho yaliyokuwa yakisoma nyayo za kasa ili kuchimba, sasa huzisoma ili kulinda. Mayai hukaa mchangani kadiri ya miezi 2. Wengi katika watoto hufa. Wachache huishi, na baada ya miaka 20 au zaidi jike hurudi kutaga karibu na pwani alikozaliwa. Kwa hiyo alindaye kiota leo, pengine ni mjukuu wake atakayeona faida.

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hana ukali. Wengine humwita papa shilingi, kwa sababu ya madoa yake ya mviringo. Na madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, hata wataalamu humtambua kila mmoja kwayo. Toka Oktoba hata Machi huonekana karibu na Kilindoni, akila uduvi. Miezi mingine haonekani, na ilidhaniwa kwamba amehamia mbali. Wataalamu wakawatia baadhi yao vyombo vidogo vya kutoa mlio majini, na utafiti uliochapwa mwaka 2015 ukaonyesha ya kuwa wengi hawaendi mbali. Hukaa karibu na kisiwa, ila katika maji yenye kina, mahali ambapo jicho halifiki. Kumbe tulichodhani kimetuacha kilikuwa karibu.

Lakini tusifundishe tumaini jepesi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyowekwa mwaka 1995, ya kwanza katika Tanzania, ina kilomita za mraba 822, na ndani yake wamo watu na vijiji vyao. Kabla yake baruti ilikuwa ikivunja miamba na kuua hata vitoto vya samaki. Na mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi. Makatazo yalihitajiwa. Hata hivyo mvuvi aliyekatazwa mwamba aliovua baba yake, jioni watoto wake wataka chakula vilevile. Mpango wa kiota wapendeza kwa kuwa haumwambii tu, "Usichukue". Humpa kazi na heshima, na maarifa yake ya kale hupata matumizi mapya.

Basi yafaa walimu wawatume watoto kwa wazee wavuvi, wakaulize majina ya samaki, ya miamba na ya pepo, na kuyaandika. Mtoto ajuaye jina la kitu huanza kukitazama, na akitazamaye ataona upesi kikipungua, na ataona pia kikirudi.