Kioo Kipya, Ukingo Uliokufa

Tindikali ikirukia jichoni huunguza juu, nyama ikaganda na kuizuia isiende mbali. Chokaa haina huruma hiyo. Huyeyusha mafuta ya seli na kuzidi kupenya hata baada ya mtu kudhani maumivu yamepoa. Ndiyo maana madaktari wa macho husisitiza maji kwanza, mengi na kwa muda mrefu, maswali baadaye.

Alois Glogar, kibarua wa Moravia, aliunguzwa na chokaa macho yote mawili. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, zikaingia ukungu. Desemba 7, 1905, mjini Olomouc, Dkt. Eduard Zirm alimpandikizia konea ya mvulana wa miaka 11 aliyeingiwa na vipande vya chuma jichoni, jicho likashindikana kuokolewa. Konea hiyo moja ilitoa vipande viwili, kila jicho la Glogar likapata chake. Zirm alivibana kwa nyuzi zilizopishana juu yake. Jicho la kulia lilikataa. La kushoto likabaki angavu, na Glogar akarudi kazini.

Kabla ya hapo watu walikuwa wamejaribu wanyama. Samuel Bigger, daktari wa Ireland, alimpandikizia paa konea ya paa mwenzake huko Misri na kutoa taarifa mwaka 1837. Konea za wanyama zilipowekwa kwa binadamu, hazikudumu. Zirm basi ndiye anayesifiwa, na anastahili. Miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa aliipa kazi hiyo nguvu zaidi kwa kutumia konea za marehemu.

Hata hivyo macho yaliyounguzwa na chokaa yaliendelea kuwavunja moyo wapasuaji. Kioo kipya kilikaa vizuri kwa muda, kisha mishipa ya damu ikatambaa juu yake na ukungu ukarudi. Wengine wakaamua kukwepa konea kabisa: mwaka 1963 Benedetto Strampelli wa Italia alichukua jino la mgonjwa mwenyewe, akalitoboa, akapachika lenzi ya plastiki katika tundu hilo na kulipandikiza jichoni. Inasikika kama kichekesho, lakini wapo walioona kwa jino.

Jibu la fumbo lilikuwa pembeni, pale weupe wa jicho unapokutana na konea. Mwaka 1971 Morten Davanger na Arne Evensen wa Norway walieleza katika jarida la Nature kwamba ngozi laini ya juu ya konea huzalishwa upya kutokea kwenye ukingo huo. Chokaa ikiua ukingo, hakuna wa kukitunza kioo kipya. Kwa maoni yangu, makala yao fupi ina uzito zaidi kuliko upasuaji mwingi uliopigiwa makofi.

Mwaka 1989 Kenneth Kenyon na Scheffer Tseng, nchini Marekani, walihamisha ukingo kutoka jicho zima kwenda lililoungua. Hofu ikawa kuliumiza jicho zima. Mwaka 1997 Graziella Pellegrini na Michele De Luca wa Italia wakaonyesha kuwa kipande cha milimita moja mraba kinatosha, kikikuzwa maabara. Wagonjwa 112 waliotibiwa hivyo waliripotiwa mwaka 2010, na takriban robo tatu walipata konea ya kudumu. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2015 kwa jina la Holoclar.

Ni tiba ya nchi zenye maabara na fedha. Kwa hiyo iliyonivutia zaidi ni ya Virender Sangwan na wenzake wa Hyderabad, India, iliyotangazwa mwaka 2012: kipande kidogo cha ukingo hukatwakatwa vipande vidogo sana palepale chumba cha upasuaji, kikatandazwa juu ya utando wa kondo la nyuma uliowekwa jichoni, seli zikakua humohumo.

Tiba zote hizi zinadai mgonjwa abaki na kipande cha ukingo mzima angalau katika jicho moja. Aliyeungua ukingo wote wa macho yote mawili anaweza kupewa wa ndugu au wa marehemu, lakini itambidi ameze dawa za kupunguza kinga ya mwili ili usikataliwe, na dawa hizo nazo zina madhara yake.