Volkswagen ya Tongaren na puli isiyokuwa yake

Dada yangu ameolewa Tongaren, huko Bungoma, karibu na Kitale, kwenye mashamba ya mahindi. Mumewe ni mwalimu, mtu wa Mumias, na urithi wake kutoka kwa marehemu babake ni Volkswagen ya mgongo wa kobe. Wenye umri wangu mnaijua gari hii. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, ikarudia 1957, na 1962 Tommy Fjastad akashinda nayo tena. Vumbi na tope la nchi hii haliitishi. Mimi ndiye niliyeiua.

Nilikwenda kuwatembelea, gari likawa zito, halipandi. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na Tongaren si chini sana ya hapo. Hewa ya huko ni pungufu ya hewa ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano, na injini ya kabureta huhisi upungufu huo. Mimi na diploma yangu ya magari nikafungua distributa, nikawahisha cheche kwa kipimo nilichokiamini, gari likachangamka. Shemeji akanisifu mbele ya watu.

Idi ilipokaribia wakateremka Pwani, yeye, dada na watoto watatu. Walipopita Mackinnon Road usiku, injini ikaanza kulia kama misumari ndani ya kopo, kisha moshi, kisha kimya. Tulipoifungua, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kidole. Watoto walilala kando ya barabara ile ya malori mpaka nilipofika na gari la kuvuta. Dada hakunisema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu najua Likoni, Malindi na hata Lamu bado kuna watu wanaofuga magari haya, na injini nyingi zimeungwaungwa kama kanzu ya viraka.

Petroli haiwaki mara moja, huchukua muda kidogo kuenea. Kwa hivyo cheche lazima iwake kabla pistoni haijafika kileleni, ili nguvu ya moto iikute pistoni inapoanza kushuka. Fikiria bembea za Idi pale Makadara. Ukisukuma bembea ikiwa inakwenda, inapaa. Ukiisukuma bado inakujia, unavunjika mkono. Cheche ikiwahi kupita kiasi, moto unaisukuma pistoni iliyo bado njiani kupanda, joto linazidi, na mafuta yaliyosalia yanalipuka yenyewe. Ndiyo ile misumari.

Na hapa urefu wa mahali una hila yake. Juu kule hewa ni nyepesi, silinda haijazwi sawasawa, injini huvumilia cheche iliyowahi bila kulalamika. Teremka mpaka Voi na joto lake, hewa ni nzito, na kile kilichokuwa kitamu Tongaren kinakuwa sumu. Volkswagen haina maji wala geji ya joto ya kukuonya. Tena katika injini za zamani kipoza oili kimewekwa ndani ya njia ya upepo, kikiinyima silinda ya tatu hewa yake. Ndiyo hufa kwanza.

Lakini urefu peke yake haukutosha kuiua. Kosa langu kubwa lilikuwa puli.

Puli ya krenki huwa na alama, na wengi wetu tunaamini alama hiyo kama Sheria. Injini ya shemeji ilikuwa na puli ya injini nyingine na distributa ya injini ya tatu, Bosch 009, ile isiyo na mpira wa vakyumu. Alama ya puli nikaidhania ni kilele cha pistoni, kumbe ilikuwa alama ya digrii 7.5 kabla ya kilele. Nami nikaweka digrii 10 kabla ya alama hiyo. Jumlisha mwenyewe: 17.5 injini ikiwa imetulia. Vizito vya ndani ya distributa vikifunguka kwa mwendo, vinaongeza 22 hivi. Karibu 40. Distributa hiyo inatakiwa isipite 28 hadi 32.

Vitabu navyo hupoteza. Volkswagen zenye distributa ya vakyumu huwekwa 7.5 kabla ya kilele, na ziko za mwanzo wa miaka ya sabini zinazowekwa 5 baada ya kilele. Namba ni ya distributa. Ukiazima distributa, azima na namba yake.

Niliporudi Tongaren na pistoni mpya, sikuamini alama yoyote. Tulichukua plagi kuukuu, tukaivunja kaure, tukachomelea bolti ndefu katikati, tukaifunga kwenye silinda ya kwanza. Betri nje. Unazungusha puli kwa mkono polepole mpaka pistoni iguse bolti, unatia alama pale mbao mbili za injini zinapoungana. Unazungusha upande wa pili mpaka iguse tena, alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo na kilele, au palipo mkabala nacho upande wa pili wa puli. Toa bolti, tia bisibisi taratibu ushike pistoni, utajua ni kipi.

Kisha uzi. Zungushia puli uzi mara moja, pima. Wetu ulikuwa sentimita 55. Gawanya kwa kumi na mbili, unapata digrii 30: milimita 46 kasoro kidogo. Kutoka kileleni pima kuelekea kulia, upande puli inakozungukia, upake rangi nyeupe. Shemeji, mwalimu wa hesabu, alifurahia uzi kuliko gari.

Kabla ya kugusa taimingi, weka pointi kwanza, uwazi wa milimita 0.4. Ukizipanua baadaye zitafunguka mapema na cheche itawahi tena, kazi yote bure. Halafu taa ya taimingi, tuliyoazima kwa fundi mmoja Kitale, waya wake kwenye plagi ya kwanza. Mtu akanyage mpaka mizunguko ipite 3,000 na alama iache kusogea. Distributa ukiizungusha kinyume na mwendo wa rota unawahisha, ukifuata mwendo wake unachelewesha. Nenda kwa unywele, maana distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki: digrii moja ya mkono wako ni mbili kwenye pistoni.

Tulifunga kwenye 30, ikitulia inasoma 8. Kupanda vilima haina ule uchangamfu niliosifiwa, na shemeji alilisema hilo wazi. Nikamwambia akishuka Pwani apunguze mpaka 28.

Juzi alinipigia kutoka Voi, amesimama kituo cha mafuta, sauti imemtoka. Anasikia kitu kinagonga. Nikamwuliza, kinagonga sasa hivi gari limesimama, au ulipokuwa ukivuta mlima kwa gia ya nne? Akasema sasa hivi, taka taka taka, na mlimani hakusikia kitu. Hizo ni valvu, nikamwambia, zinadai kurekebishwa injini ikipoa. Njoo, dada ameshanipigia mara mbili kuuliza mmefika wapi.