Gari la Rimoti na Mota Yake: Nasaha kwa Wazazi

Baada ya kumhimidi Mola na kumswalia Mtume wake, wiki hii tunajibu suali la mama mmoja mjane, mkaazi wa Kangemi, anayewalea wanawe kwa biashara ya mahamri. Mwanawe wa miaka 15 ana gari la rimoti ambalo mota yake imekufa, naye ataka kuweka ile isiyo na brashi. Katika duka moja la mtaa wa Luthuli, mjini Nairobi, mama aliambiwa kuwa yenye nambari kubwa ndiyo bora. Bei yake ilikaribia mapato yake ya wiki nzima. Akatuuliza: je, hii si israfu?

Jawabu letu ni kuwa kijana anayefungua kitu na kukifunga tena anajifunza kazi. Mota za jinsi hii ndizo zinazoendesha pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Nairobi. Israfu huingia pale tunaponunua tusichokihitaji kwa kuvutiwa na nambari.

Tuifahamu basi nambari hiyo. Mota ya zamani ina vipande vya kaboni vinavyosuguana na kulika. Isiyo na brashi haina msuguano huo: sumaku huzunguka, koili hutulia, na kidhibiti mwendo hugawa umeme kwa waya tatu. Herufi kv zilizoandikwa juu yake si kilovolti. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya kv 3,300 kwa betri ya seli mbili, yaani volti 7.4, huzunguka mara 24,420 kwa dakika. Kwa seli tatu, volti 11.1, hufika 36,630. Mbio hizo huvuta umeme mwingi, huleta joto, na huweza kuvunja meno ya gia. Kwa hiyo kv ya chini humfaa mwanafunzi, na ni rahisi kuitawala.

Kabla ya kulipa, mzazi aulize mambo matatu: je, mota yaenea katika nafasi ya ile ya kwanza, kidhibiti chastahimili ampea zake, na betri ni ya seli ngapi? Kidhibiti cha mota ya brashi hakiiendeshi hii mpya, basi gharama zihesabiwe pamoja.

Katika kufunga, haraka haina baraka. Skrubu ziwe fupi, kwani ndefu hupenya na kujeruhi koili. Ukanda wa karatasi uwekwe baina ya gia mbili, zisogezwe zigusane, skrubu zikazwe, kisha karatasi itolewe. Nafasi hiyo ndogo inatosha: gia zikibanana hupata moto, zikiachana hulika meno. Jaribio la kwanza lifanywe magurudumu yakiwa hewani. Mota ikizunguka kinyume, waya mbili kati ya tatu zibadilishane mahali. Lakini ikiwa ina waya wa sensa, rangi zifuatwe kama zilivyo.

Jambo zito zaidi ni betri ya lithiamu. Seli isichajiwe kupita volti 4.2, wala isiachwe kushuka chini ya volti 3. Ichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na zulia na kitanda, na mtu mzima awepo. Isiachwe kwenye chaja watu wakilala au wakienda msikitini. Iliyovimba isitumiwe tena. Katika majumba ya ghorofa ya Kilimani na Kawangware, moto wa chumba kimoja ni msiba wa majirani wote.

Nanyi wauzaji, kumsifia mteja kitu kisichomfaa ni ghishi, hata kama bidhaa yenyewe ni nzima. Mjane aliyewaamini amewakabidhi amana.

Mama huyo tumemnasihi anunue mota ya kv ndogo na kidhibiti chake, na dada wa kijana naye aketi pale pale ashike bisibisi, kwani elimu haibagui. Gari lichezewe uwanjani, mbali na barabara, na adhana ikilia lizimwe.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na azilinde na kila shari. Amin.