Fahamu: Kifaa kinachokata umeme kabla haujaua kilianzia mgodini

Fyuzi hulinda nyaya zisiungue, haikulindi wewe. Umeme mdogo usioweza hata kuikata fyuzi unatosha kuusimamisha moyo.

Jibu lilitoka Afrika Kusini, kwenye migodi ya dhahabu. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin alitengeneza kifaa kilichokata umeme uliovuja ukifika miliampia 250, kiasi ambacho bado ni hatari mno kwa binadamu. Hakuridhika. Mwaka 1956 alikuwa na kingine, cha chini ya miliampia 20. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua, umepita pengine, labda mwilini mwa mtu aliyeshika friji akiwa peku, na kinakata papo hapo. Huko Marekani, Charles Dalziel alibuni chake mwaka 1961.

Kama kwako kipo, bonyeza kitufe chake cha kujaribia. Kisipokata, mwite fundi leo.