Majarini ya steroli hushusha kolesteroli, lakini haichukui nafasi ya dawa

MTU akielezwa na daktari kwamba kolesteroli katika damu yake imepanda, jambo la kwanza analolitazama ni sahani yake. Hapo ndipo majarini, maziwa na mtindi vilivyoongezwa steroli za mimea vinapopata wateja. Hapo pia ndipo wapo wanaokosea, kwa kuacha dawa walizoandikiwa.

Steroli ni aina ya mafuta yaliyomo katika mimea, yenye umbo linalofanana sana na la kolesteroli. Zikifika katika utumbo mdogo, hugombania nafasi ya kufyonzwa. Mwili huchukua steroli kidogo mno, lakini uwepo wake huizuia kolesteroli kupita, hata ile inayomiminwa utumboni pamoja na nyongo, na sehemu kubwa yake huishia chooni.

Majarini ya Benecol iliingia madukani nchini Finland mwaka 1995. Mwaka huo huo jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa nchini humo uliohusisha watu 153 waliokuwa na kolesteroli iliyozidi kiasi. Baada ya mwaka mmoja, waliokula majarini yenye stanoli, ambayo ni jamii moja na steroli, walikuwa wamepungukiwa na kolesteroli mbaya, LDL, kwa takriban asilimia 14. Kwa kawaida gramu 2 kwa siku huishusha kwa asilimia 7 hadi 10.

Karanga, korosho, ufuta na maharage vina steroli pia, ila mlo wa kutwa nzima kwa kawaida haufikishi hata nusu gramu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka lebo imtahadharishe mlaji asizidishe gramu 3 kwa siku, na ieleze kuwa huenda bidhaa hizo zisiwafae wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 5.

Kushuka kwa namba katika cheti cha maabara ni jambo moja, kuepuka mshtuko wa moyo ni jingine. Dawa za statini zimethibitishwa kuupunguza, steroli bado. Kwa sababu hiyo, taasisi ya NICE ya Uingereza iliwaelekeza madaktari mwaka 2014 wasizipendekeze kama kinga ya maradhi ya moyo.

Anayetumia statini anaweza kula majarini hiyo pia, kwani dawa hufanya kazi katika ini na steroli utumboni. Uamuzi wa kupunguza dozi unabaki kwa daktari aliyeiandika.