KUWATAFUTA WAHENGA WA VITA VYA UNYATURU VYA MWAKA 1908

Unyambwa ni sehemu ya Unyaturu iliyo karibu na mji wa Singida, katikati ya Tanzania. Wenyeji wake ni Wanyaturu, ambao kwa lugha yao wenyewe hujiita Arimi. Katika nchi hiyo jina la Liti, mwanamke aliyewaongoza watu kuupinga utawala wa Wadachi, lajulikana na wengi. Hata kiwanja cha mpira cha mjini Singida, kilichokuwa kikiitwa Namfua, siku hizi huitwa Liti. Lakini kiongozi hapigani peke yake. Walikuwako waliomfuata, waliowapikia wapiganaji, waliowaficha ng'ombe, na waliopoteza mali au maisha yao. Majina ya watu hao hayakupata kiwanja. Basi mtu wa Unyambwa akitaka kujua kama babu wa babu yake alikuwamo, ataanzia wapi?

Kwanza yafaa kufahamu hali ya nchi ilivyokuwa. Wanyaturu hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Mamlaka yalikuwa katika koo, kwa wazee, na kwa watu waliosifika kwa uganga na kuomba mvua. Wadachi walipokuja waliweka kituo cha askari Kilimatinde, wakawateua watu wa kuwasaidia katika utawala. Tangu mwaka 1898 serikali yao ilianza kutoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alitakiwa kuilipa kwa kazi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na kwa wafugaji hilo lilikuwa pigo kubwa. Katika hali hiyo watu walimsikiliza Liti, ambaye hakuwa mtemi, bali alikuwa mwenye dawa. Masimulizi ya Singida husema kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Upinzani huo ulifikia kilele mwaka 1908, miaka mitatu baada ya kuanza kwa Vita vya Maji Maji huko kusini.

Hali hiyo ya kutokuwa na mfalme ndiyo inayomtatiza mtafutaji wa leo. Ofisa wa serikali alipoandika habari za vita, alipenda kutaja jina la mtawala aliyeasi. Palipokuwa na mtawala, jina lilibaki. Palipokuwa na koo nyingi zilizoungana kwa ajili ya dawa na shabaha moja, wengi wao waliandikwa kwa jumla tu, kana kwamba ni kundi lisilo na watu ndani yake. Kwa hiyo mtu asipoliona jina la babu yake katika karatasi, asikate shauri kwamba babu huyo hakuwako vitani.

Pili ni jambo la tahajia. Maofisa wa Kidachi waliandika majina kama walivyoyasikia, tena kwa herufi za kwao. Eberhard von Sick, ofisa wa jeshi lao, alichapisha maelezo marefu juu ya kabila hili mwaka 1915, na katika kichwa cha maandishi yake aliwaita "Waniaturu" na "Walimi". Hapo mambo mawili yaonekana: sauti ya "ny" imeandikwa "ni", na "r" ya Arimi imegeuka "l". Anayeitafuta Unyambwa katika majalada ya zamani hana budi kutazama pia chini ya "Uniambwa", na anayetafuta jina la mtu lenye "r" alitafute na kwa "l". Liti mwenyewe huonekana katika maandishi kama Leti. Wala asidanganyike na kiambishi "Unya-", maana mahali pengi hapo Singida huanza hivyo, kama Unyamikumbi na Unyakumi. Msomaji asiyeijua nchi ni rahisi kuchanganya kimoja na kingine.

Tatu ni jambo la maneno. Vita hivi katika karatasi za serikali ni "uasi", na aliyepigana ni "mwasi". Mganga huitwa mara nyingi "mchawi". Ukoo wenyewe hautumii maneno hayo, wala hakuna mzee atakayejibu vizuri akiulizwa, "Je, babu yako alikuwa mwasi?" Swali hilo lamtaka akiri kosa. Heri aulizwe mambo ambayo kila nyumba huyakumbuka: jamaa walihama lini na kwa nini, ng'ombe walichukuliwa na nani, ni nani aliyeondoka asirudi, ni mtoto gani aliyepewa jina la marehemu. Katika majibu ya maswali hayo vita hujitokeza vyenyewe.

Kuhesabu vizazi kwasaidia sana. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1908 alizaliwa yapata mwaka 1883. Wajukuu wake wengi walizaliwa kati ya miaka ya 1930 na 1950. Waliosikia habari kutoka kinywani mwake, basi, ni wazee sana sasa, na kila mwaka wanapungua. Karatasi zaweza kungoja katika makabati, wazee hawawezi. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na wazee kabla ya kwenda maktaba.

Tena haifai kuwauliza wazee wa upande wa baba peke yao. Ukoo wa baba huhifadhi orodha ya majina, lakini bibi aliyeolewa alikuja na kumbukumbu za kwao, na huenda kwao walikuwa karibu zaidi na vita. Katika upinzani ulioongozwa na mwanamke, kuyaacha masimulizi ya wanawake ni kuiacha nusu ya habari.

Baada ya hapo ndipo karatasi zitafutwe. Majalada ya serikali ya Kidachi yaliyosalia nchini yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na yale ya wizara yao ya makoloni yamo Berlin. Vimo pia vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini hivyo visomwe kwa hadhari, kwani maofisa hao walipata habari nyingi kwa machifu waliotambuliwa na serikali, ambao walikuwa na sababu ya kuzitukuza koo zao. Kwa upande wa utafiti, Marguerite Jellicoe alichapisha makala juu ya upinzani wa Waturu katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969. Karibu na wakati huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji, kazi iliyookoa maneno ya watu ambao baada ya miaka michache wasingalikuwako.

Matunda ya kuhifadhi majina yaonekana Songea. Huko tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga wapiganaji wa Kingoni, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na jamaa wa Songea Mbano, akaomba msamaha. Mwaka huo huo watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki, na kwa kupima chembe za urithi walipata jamaa walio hai huko Uchagga. Kipimo hicho kilifaulu kwa sababu palikuwa na maandishi yaliyoonyesha mahali, na tena palikuwa na jamaa waliojijua. Pasipo ukoo unaojua habari zake, kipimo hakina wa kulinganishwa naye.

Limebaki onyo moja. Kila ukoo hupenda kuwa na shujaa, na hasa sasa ambapo upinzani umekuwa fahari. Lakini utawala wa Wadachi haukusimama kwa Wadachi peke yao: walikuwako askari Waafrika, wapagazi, wakalimani, na wazee waliolipa kodi ili watoto wao wasife. Mara nyingi katika nyumba moja ndugu mmoja alipigana na mwingine alibeba mizigo ya askari. Wote wawili ni wahenga. Mtafutaji mwaminifu atawaandika wote, na kando ya kila jina ataonyesha habari imetoka wapi: lililosomwa katika karatasi, lililosemwa na mzee aliyemwona mhusika, na lile linalosemekana tu. Orodha ya namna hiyo yaweza kuwa fupi, wala isiwe na shujaa hata mmoja; lakini mjukuu atakayeipokea ataweza kuiongeza bila kulazimika kwanza kuondoa uongo.